Ukimya wa Hazina: kisa cha dhahabu cha New York, Septemba 1869

"Uza kesho dhahabu ya milioni nne, ununue na hati fungani za milioni nne."

Maneno hayo machache yalitumwa kwa telegramu kutoka Washington kwenda New York muda mfupi kabla ya saa sita mchana, Ijumaa tarehe 24 Septemba 1869. Aliyeyatuma ni George Boutwell, Waziri wa Fedha wa Marekani. Asubuhi ile dhahabu ilikuwa imepanda hadi 162 na nusu, yaani ukitaka dola 100 za dhahabu ulilipa dola 162 na senti 50 za karatasi. Dakika chache baada ya habari ya telegramu kuingia sokoni, bei ilikuwa imeporomoka mpaka karibu 133. Na agizo lenyewe lilisema kesho. Hazina haikuwa imetoa hata sarafu moja.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama habari ya walanguzi wawili wajanja, Jay Gould na Jim Fisk, waliotaka kuhodhi dhahabu yote ya New York. Mimi naona kiini chake kiko kwingine. Bidhaa iliyokuwa ikitafutwa na kununuliwa miezi ile ilikuwa ukimya wa serikali. Aliyejua kwamba Hazina haitauza kwa wiki tatu zijazo alikuwa na mali kubwa kuliko mwenye sanduku la dhahabu. Na kwa kuwa ukimya huo ulikuwa mikononi mwa watu wawili tu, Rais na Waziri wake, njia ya kuufikia ilipita sebuleni kwa jamaa zao.

Nchi moja, pesa mbili

Tuanze na pesa yenyewe, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, serikali ya Abraham Lincoln ilikosa dhahabu ya kuwalipa askari na wauzaji wa vifaa. Tarehe 25 Februari 1862 sheria ikapitishwa ya kuchapa noti za dola milioni 150 zisizobadilishwa kwa dhahabu, na sheria zilizofuata zikapandisha kikomo hadi milioni 450. Upande wa nyuma noti hizo zilichapwa kwa wino wa kijani, watu wakaziita migongo ya kijani. Thamani yake ilipanda na kushuka kwa habari za vita. Julai 1864, kaskazini ilipokuwa na hofu, dola 100 za dhahabu zilifika dola 285 za kijani. (Ni vita hivyo hivyo vilivyofanya kitambaa cha merikani kiadimike Unguja na bara yake, Waingereza na Wahindi wakapata mwanya wa kuingiza vitambaa vyao.)

Vita viliisha mwaka 1865, lakini pesa mbili zikabaki. Mshahara, kodi ya nyumba, shamba, gunia la unga: vyote kwa karatasi. Ushuru wa forodha ulilipwa kwa dhahabu peke yake, riba ya deni la serikali ikalipwa kwa dhahabu, na biashara na Ulaya ikaenda kwa dhahabu. Kwa hiyo kila mwagizaji wa bidhaa na kila msafirishaji wa ngano alilazimika kuvuka kutoka pesa moja hadi nyingine, na mahali pa kuvukia palikuwa pamoja: Chumba cha Dhahabu, jirani na soko la hisa la New York. Katikati ya ukumbi ule kulikuwa na chemchemi ndogo yenye sanamu, maji yakitiririka, na madalali wakiizunguka wakipigiana kelele za bei kutwa nzima.

Hapa nataka tusogee karibu kidogo, kwa sababu walioumizwa siku ile husahaulika. Tuchukue mfanyabiashara mmoja wa mfano, anayepeleka ngano Liverpool. Dhahabu iko 133. Ananunua ngano kwa wakulima wa magharibi kwa dola 133,000 za karatasi. Liverpool watamlipa sawa na dola 100,000 za dhahabu, lakini baada ya wiki kadhaa. Dhahabu ikishuka hadi 125 kabla hajalipwa, atapata 125,000 tu, na hasara ya 8,000 itamla faida yote na mtaji juu. Ili asiingie kwenye kamari hiyo, anaazima dhahabu ya dola 100,000 leo, anaiuza leo kwa 133,000, anawalipa wakulima. Fedha ya Liverpool ikifika, anarudisha dhahabu ya watu. Hapo hakuna ulanguzi wowote. Ni uangalifu wa mtu anayetaka kulala usingizi.

Sasa dhahabu ipande. Ikifika 144, aliyemwazima anadai dhamana zaidi: lete 11,000. Ikifika 160: lete 27,000, na uzilete leo. Kwenye vitabu vyake mfanyabiashara huyu hajapoteza kitu, ngano yake iko baharini na mnunuzi yupo. Lakini mfukoni hana 27,000 taslimu, hasa mwezi Septemba, msimu ambao fedha zote za New York huenda magharibi kununua mavuno. Basi analazimika kununua dhahabu kwa bei yoyote ili ajitoe kitanzini, na kununua kwake kunaipandisha bei zaidi. Mtu mwenye fedha za kutosha kuizungushia soko lile kamba angeweza kuwakamua watu wa namna hiyo mmoja mmoja.

Kamba hiyo ilikuwa na tundu moja. Dhahabu iliyokuwa ikizunguka New York nje ya serikali ilikuwa karibu dola milioni 15 hadi 20. Hiyo mtu angeweza kuihodhi. Ila Hazina ilikuwa na dhahabu iliyozidi hiyo mara kadhaa, na tangu Rais Ulysses Grant aapishwe Machi 1869, Boutwell alikuwa akiiuza kidogo kidogo ili kupata karatasi za kununulia deni la serikali. Hazina ikifungua mlango siku bei imepaa, mpango wote unakufa.

Shemeji wa Rais

Jay Gould alikuwa na umri wa miaka 33, mwembamba, mpole wa sauti, mwenyekiti wa shirika la reli la Erie. Mwenzake Fisk alikuwa mnene, mwenye kelele na mavazi ya kung'aa, mzaliwa wa Vermont aliyeanza maisha kwa uchuuzi wa barabarani. Mwaka 1868 walikuwa wamemshinda Cornelius Vanderbilt mwenyewe, tajiri mkubwa wa reli, katika kugombea reli hiyo kwa kuchapa hisa mpya na kuwahonga watunga sheria wa jimbo. William Tweed, bwana mkubwa wa siasa za jiji la New York, waliketi naye katika bodi ya Erie, na majaji wa kundi lake walikuwa tayari kutoa amri zinapohitajika. Jiji na jimbo walikuwa nalo. Washington hawakuwa nayo.

Mei 1869 dada yake Rais, Virginia Grant, aliolewa na Abel Corbin, mzee wa umri wa miaka sitini na ushee aliyekuwa mzoefu wa siasa na biashara. Gould akaanza kwenda kwake New York asubuhi na jioni. Hakuja na ombi la wazi la rushwa. Alikuja na nadharia. Dhahabu ikipanda, alisema, ngano ambayo Liverpool wanailipia kwa dhahabu itamletea mkulima karatasi nyingi zaidi, mkulima atauza, reli zitajaa mizigo, nchi itastawi. Serikali isiuze dhahabu mpaka mavuno yaishe kusafirishwa.

Nadharia hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, na hapo ndipo ilipokuwa hatari. Mkulima wa Illinois kweli angepata karatasi nyingi zaidi kwa muda. Reli ya Erie kweli ingepata mizigo. Mtu angeweza kuitetea mezani mbele ya Rais bila kuona haya, na ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 15 Juni Grant alisafiri kwenda Boston kwa meli ya kampuni ya Fisk, wakamwandalia chakula cha jioni, wakayaelekeza mazungumzo kwenye dhahabu. Grant aliwakatisha tamaa: alisema ustawi wa nchi una uongo fulani ndani yake, na povu hilo likitobolewa kwa njia moja au nyingine ni sawa tu. Wangekuwa watu wengine wangeacha. Gould alihitimisha kwamba inabidi asogee karibu zaidi.

Akamnunulia Corbin dhahabu ya dola milioni moja na nusu, bila Corbin kutoa senti. Kila bei ilipopanda kwa pointi moja, shemeji wa Rais alipata dola 15,000. Mapema Septemba aliomba achukue sehemu ya faida, akaandikiwa hundi ya 25,000. Naibu Mweka Hazina wa New York, ambaye maagizo yote ya kuuza dhahabu yalipitia mikononi mwake, alikuwa Jenerali Daniel Butterfield, aliyeteuliwa kiangazi kile kwa msaada wa Corbin. Gould alimpa hundi ya dola 10,000, ambayo Butterfield baadaye aliiita mkopo. Horace Porter, katibu wa Rais, aliandikiwa barua kuarifiwa kwamba amenunuliwa dhahabu ya nusu milioni. Porter alijibu kwamba hakumwagiza mtu kumnunulia chochote. Namtaja kwa heshima, kwa sababu katika kisa kizima ndiye aliyewekewa sahani ileile mbele yake akaisukuma.

Mwanzoni mwa Septemba Grant alipita New York, akafika nyumbani kwa Corbin, na kutoka huko akamwandikia Boutwell kwamba si busara kuishusha dhahabu kwa nguvu wakati mazao yanasafirishwa. Boutwell akapunguza mauzo. Barua ile haikuwa na kosa la jinai. Rais alikuwa amesikia hoja za pande mbili, akaona moja ina nguvu, akatoa ushauri kwa waziri wake. Lakini hoja hiyo alikuwa ameisikia kutoka kwa watu wenye mamilioni juu yake, na habari za barua zilimfikia Gould kabla wafanyabiashara wengine hawajajua chochote. Siioni ishara kwamba Grant alichukua fedha. Kosa lake lilikuwa kula, kusafiri na kukaa katika ukumbi wa tamthilia kwenye viti vya Fisk, mbele ya macho ya jiji zima, huku kila dalali akipiga hesabu ya maana yake.

Imefika. Sawa.

Katikati ya mwezi Grant na mkewe Julia walikwenda kupumzika kwa jamaa katika mji mdogo uitwao Washington, jimbo la Pennsylvania. Bei ilikuwa inasita, na Gould alianza kuwa na wasiwasi. Corbin akamwandikia Rais barua ndefu kumsihi asiruhusu Hazina kuuza. Tarishi wa Fisk akapanda treni hadi Pittsburgh, kisha gari la farasi kwa karibu maili 28 usiku. Asubuhi ya tarehe 19 alimkuta Rais na Porter majanini wakicheza mchezo wa kugonga mipira kwa nyundo za mbao. Grant akasoma barua. Tarishi akauliza kama mambo yako sawa. Grant akasema sawa.

Tarishi akaenda ofisi ya telegramu akapeleka maneno machache New York: imefika, sawa. Yeye alimaanisha barua imefika salama. Kule New York wakasoma kwamba Rais amekubali. Wakaongeza ununuzi.

Rais, kwa upande wake, alishtuka alipogundua kwamba yule kijana alikuwa ametumwa kutoka New York kwa barua ile peke yake. Alikuwa amemdhania mtu wa posta. Akamwambia mkewe, aliyekuwa akimwandikia wifi yake jioni ile, aongeze kwamba Rais amechukizwa na habari za ulanguzi wa Corbin, na wauache upesi. Barua hiyo ya mawifi wawili, iliyoandikwa pembeni ya mambo ya nyumbani, ndiyo iliyokuwa tamko la kwanza la serikali ya Marekani kuhusu bei ya dhahabu mwezi ule. Na ilikwenda kwa mtu mmoja.

Ilifika tarehe 22, Jumatano. Corbin aliyekuwa akitetemeka alimwonyesha Gould, akadai alipwe dola 100,000 za faida yake ili aweze kumwandikia Rais kwamba hana dhahabu tena. Gould alimwomba asimwonyeshe mtu barua ile. Kuanzia Alhamisi asubuhi Gould akawa muuzaji. Aliuza kimya kimya kupitia madalali wengi, huku madalali wa Fisk wakinunua kwa sauti mchana kutwa. Bei ilifika 144 jioni.

Wakati huo huo benki moja, Tenth National, ambayo Gould na wenzake waliimiliki, ilikuwa ikigonga mihuri ya kuthibitisha hundi zao kwa mamilioni kupita amana zilizokuwemo. Yaani kamba ya kuizunguka soko ilikuwa imesokotwa kwa fedha ambazo hazikuwepo. Ijumaa asubuhi wakaguzi wa serikali waliingia katika benki hiyo.

Ijumaa

Grant alikuwa amerudi Washington. Alhamisi usiku alikubaliana na Boutwell kwamba bei ikiendelea kupanda kesho yake, Hazina iuze.

Ikapanda. Dalali wa Fisk, Albert Speyers, alisimama karibu na chemchemi akitaja 150, 155, 160, akitaka kununua milioni moja baada ya nyingine. Wafanyabiashara wenye dhahabu ya kuazima walikuwa wanakimbia ofisini na kurudi, wengine wakilipa bei yoyote ili waokoke, wengine wakisimama tu. Waliokubali kulipa 150 na zaidi asubuhi ile kimyakimya ndio waliopoteza kweli, na wengi wao walikuwa kama yule msafirishaji wangu wa ngano.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa benki, mzaliwa wa Uskoti, James Brown, akaamua kupambana. Aliuza milioni moja kwa 162, nyingine kwa 161, halafu milioni tano kwa 160. Sauti ya mnunuzi ikakosa mwangwi. Wakati ukumbi bado unapigwa na butwaa, habari ya telegramu ya Boutwell ikaingia. Bei ikaanguka pointi karibu 30 katika muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Speyers, aliyekuwa amechanganyikiwa, aliendelea kupiga kelele za 160 wakati wengine wakiuziana kwa 135.

Gould na Fisk walitoka kwa mlango wa nyuma, wakajifungia kwenye jumba la opera la barabara ya 23, palipokuwa na ofisi za Erie, walinzi wakizunguka mlango. Fisk alizikana hati zote alizonunuliwa kwa jina la mshirika wake, William Belden. Belden akafilisika. Waliobaki na madai walipokwenda mahakamani walikutana na majaji wa Tweed na amri zao za kuzuia. Benki ya kusawazisha hesabu za Chumba cha Dhahabu ilizama katika madai ya mamia ya mamilioni ya dola, biashara ya dhahabu ikasimama kwa siku nyingi, bei za hisa zikaporomoka, na ngano ambayo Gould alidai kuipigania ikashuka bei mikononi mwa wakulima walewale.

Alichokiona Garfield

Kamati ya benki na fedha ya bunge, chini ya James Garfield ambaye baadaye alikuwa Rais, ilichunguza mwanzoni mwa 1870. Fisk alipoulizwa fedha zilikokwenda alijibu kwamba zimekwenda kule mmea utambaao unakojisokota, yaani zimepotea. Butterfield alikuwa amekwisha kujiuzulu Oktoba. Corbin alibaki na aibu. Rais akasafishwa. Wabunge wa chama chake walikataa kuwaita wale wanawake wawili, Julia na Virginia, watoe ushahidi juu ya barua. Hilo naliona kosa kubwa la uchunguzi ule. Barua yao ilikuwa kiungo pekee kati ya nyumba ya Rais na soko, na kamati iliizunguka kwa adabu.

Hata hivyo Garfield aliona jambo moja vizuri kuliko wengi. Aliandika kwamba maadamu sheria inatambua vipimo viwili vya thamani ambavyo vinaweza kuchezewa kimoja dhidi ya kingine, kishawishi cha ulanguzi kitakuwa kikubwa kupita uwezo wa watu kukikataa. Hakusema tutafute mawaziri wema zaidi. Boutwell alikuwa mwema wa kutosha, na bado neno lake moja lilitosha kumtajirisha au kumfilisi mtu kwa saa moja, na ukimya wake vilevile.

Dawa ilichukua miaka tisa na haikuwa tamu. Januari 1875 bunge lilipitisha sheria kwamba kuanzia 1 Januari 1879 noti za kijani zitabadilishwa kwa dhahabu, kiasi kwa kiasi, kwa yeyote atakayezileta. Miaka ile bei za mazao ziliendelea kushuka, na mkulima aliyekopa karatasi za thamani ndogo akatakiwa kulipa karatasi za thamani kubwa. Wakulima wengi waliona wameonewa, wakaunda chama cha kuzitetea noti za kijani, na sidhani walikuwa wakilia bure. Waziri mpya, John Sherman, alikusanya dhahabu ya zaidi ya dola milioni 130 na kutangaza wazi, miezi kabla, kile ambacho Hazina itafanya na siku itakayokifanya.

Tarehe 17 Desemba 1878 bei katika Chumba cha Dhahabu ilikuwa 100 kwa 100. Tarehe 2 Januari, siku ya kwanza ya kazi, dirisha la Hazina New York lilifunguliwa. Hadi jioni watu walikuwa wameleta noti za dola 135,000 wakitaka dhahabu. Walioleta dhahabu wakitaka noti walileta dola 400,000.